Korongo walihesabiwa 15, ripoti ziko kabatini

Niambie ukweli: ushawahi kufika Ruma? Sio kuona twiga kwenye stetasi ya mtu. Kufika, ushuke, vumbi likuingie kwenye viatu. Wengi wetu tuliolelewa Kisumu mbuga tunayoijua ni Impala Sanctuary pale kando ya ziwa. Tulipelekwa na shule, tukaona chui kwenye kizimba, tukala mandazi yaliyobanwa kwenye mkebe, tukarudi nyumbani. Ruma haiko mbali hivyo, lakini kwetu imebaki kuwa kitu cha kwenye kitabu cha Jiografia.

Stori hii naianzia Katito, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya barabara. Ukitoka Kisumu na matatu, unapita Ahero, unafika Katito, na hapo njia zinagawanyika. Ukinyoosha mbele unaenda Sondu na Kisii. Ukikata kulia unapita Pap Onditi, Kusa, Kendu Bay, mpaka Homa Bay, halafu unaingia bonde la Lambwe ambako mbuga yenyewe iko. Pale steji ya Katito utapata mtu akikuuliza "Homa Bay? Kendu?" kabla hujashusha mguu wa pili.

Sababu ya pili ni neno moja: korongo. Ukiwa Nyakach, ukisema korongo kwa Kiswahili, mtu anafikiria shimo. Lile shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua mpaka linameza shamba, njia na choo cha mtu. Kama hujaona, tembelea Katuk Odeyo siku moja uone ardhi ilivyopasuka. Lakini ukiwa Ruma, korongo ni mnyama. Ni swala mkubwa anayekaribia kimo cha farasi, pembe zimepinda kurudi nyuma, masikio marefu kama ya punda, na uso wa rangi nyeusi na nyeupe kama mtu aliyevaa barakoa. Kwa Kiingereza wanamwita roan.

Hapa Kenya korongo wa porini amebaki Ruma peke yake. Zamani walikuwepo Maasai Mara. Walipelekwa pia Shimba Hills kule Pwani. Kote huko wameisha. Mwaka 1976 bonde la Lambwe lilikuwa nao takriban 200. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori iliyofanywa 2021 ilipata 15.

Kumi na watano, bana. Hiyo ni nissan moja ya Kisumu-Ahero ikiwa imejaa, kabla kondakta hajaongeza wa kusimama.

Na kitu kinachonisumbua ni hiki. Hawa wanyama hawajapungua kwa kukosa watu wa kuwachunguza. Wamechunguzwa. Kuna tasnifu, kuna makala za kisayansi, kuna ramani, kuna hesabu za ndege. Swali langu ni hizo karatasi zote zikishaandikwa zinaenda wapi, na yule askari anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuzunguka mbugani anazipata vipi.

Watu wawili, ofisi mbili

Ili tuelewane, hebu nikueleze jinsi mambo yalivyopangwa. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Ruma kuna upande wa wasimamizi. Hawa ni watu wa KWS, yaani wardeni na askari wake. Kazi yao ni maamuzi ya kila siku. Leo doria ipite wapi? Nyasi zichomwe upande gani na mwezi gani? Ua umekatika wapi? Mbuzi wa jirani wameingia, tufanye nini? Maamuzi kama hayo hayangoji. Lazima uamue na ulicho nacho.

Upande wa pili ni watafiti. Wengine wako vyuo vikuu, wengine icipe pale Mbita, na wengine wako kwenye taasisi ya serikali ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, WRTI, yenye makao yake Naivasha. Zamani utafiti wa wanyamapori ulikuwa idara ndani ya KWS kwenyewe. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ndiyo iliyoanzisha taasisi inayojitegemea. Wazo lenyewe naliona ni zuri, kwa sababu mtu anayehesabu wanyama asiwe ni yule yule anayelaumiwa wakipungua. Lakini ukitenganisha ofisi mbili umetengeneza pia mlango, na mlango unahitaji mtu wa kuufungua kila siku. Usipopata mtu huyo, kila upande unabaki na chake.

Mtafiti hupandishwa cheo kwa kuchapisha. Makala yake inaandikwa kwa Kiingereza kigumu, inakaguliwa na wataalamu wengine, inatoka kwenye jarida ambalo mara nyingi linasomwa na watafiti wenzake. Wardeni hupandishwa cheo kwa mbuga kuwa tulivu. Ripoti yake inaenda kwa bosi, na kitabu cha matukio kinabaki kwenye kontena la kituo. Hakuna kati yao anayelipwa kwa kumsomea mwenzake. Simlaumu yeyote. Wewe pia ungefanya vile unavyolipwa kufanya.

Ramani ya waya

Tuchukue mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Adui mkubwa wa korongo pale Ruma ni waya. Sio bunduki. Waya wa kawaida, kama wa breki ya baiskeli au wa ua, unapindwa kitanzi, unafungwa kwenye kichaka mahali mnyama anapopita. Anayetega huenda anatafuta swala mdogo wa kupika. Lakini waya haujui kuchagua. Korongo akipita hapo, amepita kwa mara ya mwisho.

Mtafiti Johnstone Kimanzi alifanya tasnifu yake ya uzamifu kuhusu korongo wa Ruma, akaikamilisha 2011 katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2015 yeye na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Oryx makala kuhusu mitego ilivyotawanyika ndani ya mbuga hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu: unagawanya mbuga vipande, unaingia kwenye kila kipande ulichochagua, unatafuta waya mmoja mmoja kwenye nyasi. Kisha unauliza, mitego hii iko karibu na nini? Maji? Mahali wanyama wanapolamba chumvi? Sehemu iliyochomwa moto?

Jibu kwa ufupi ni kwamba mitego haitegwi ovyo. Ina mpangilio, kwa sababu mwindaji naye ana akili. Anajua mnyama lazima anywe na lazima alambe chumvi. Anajua nyasi zikichomwa, majani mabichi yanachipuka, na swala wote wa mtaa wanakuja hapo kama vile sisi tunavyokimbilia kibanda kipya cha smokie.

Ona sasa hilo lina maana gani kwa wardeni. Mbuga ya Ruma ina ukubwa wa kilomita 120 mraba. Huwezi kuweka askari kila mahali. Ukiwa na ramani inayokuonyesha mitego inarundikana wapi, doria yako ya watu wachache inafanya kazi ya watu wengi. Na ukijua kwamba kipande ulichochoma mwezi uliopita ndicho mwindaji atakachokitembelea mwezi huu, basi uamuzi wa kuchoma nyasi unakuwa pia uamuzi wa kupeleka askari. Hayo mawili yanapangwa siku moja, mezani pamoja. Bila kuunganishwa, mbuga inachoma nyasi kwa nia nzuri kabisa na kumtengenezea mwindaji soko.

Lakini angalia tena hiyo miaka. 2011, 2015. Miaka minne kati ya tasnifu na makala. Kwa mtafiti hiyo ni kawaida, pengine hata ni haraka. Kwa mwindaji ni misimu minane ya mvua. Ndio maana kama mtafiti atamwambia wardeni jambo, inabidi amwambie kabla ya makala, akiwa bado na matope kwenye buti, kwa ramani iliyochorwa kwa kalamu ikibidi. Makala itafuata baadaye kwa ajili ya wale wanaohitaji makala.

Na kuna upande wa pili ambao watu husahau. Askari wa doria anajua vitu ambavyo havimo kwenye tasnifu yoyote. Anajua ni kijito kipi hukauka Januari. Anajua nyayo za mtu aliyepita usiku na za mtu aliyepita asubuhi. Anamjua dume la korongo ambalo halipendi kukaa na wenzake. Siku hizi hifadhi nyingi duniani, za Kenya zikiwemo, hutumia programu kama SMART: askari anabeba kifaa mkononi, anarekodi waya, mzoga au nyayo papo hapo pamoja na mahali, na data inarudi kituoni ikiwa ramani. Hiyo ni hatua kubwa kuliko daftari. Ila programu inarekodi tu kile ulichoiambia kirekodiwe. Yule dume mpweke hana kitufe chake. Lazima mtu akae chini na askari, ampe chai, amuulize.

Wazungu nao vilevile

Usije ukadhani hii ni shida ya Afrika. Mwaka 2004 William Sutherland wa Uingereza na wenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wanaosimamia eneo la Broads, kule mashariki mwa Uingereza. Ni nchi ya madimbwi na matete, ukiiona picha unaweza kudhani ni Kusa yenye baridi. Waliwauliza: ulipofanya uamuzi huu, ulitegemea nini? Wengi walisema akili ya kawaida, uzoefu wangu, nilimuuliza jirani ambaye pia ni msimamizi. Waliotegemea makala za kisayansi zenyewe hawakufika hata asilimia 3.

Tena hiyo ni nchi ambayo vyuo vyake vikubwa viko umbali wa safari ya gari moshi. Kwa hivyo mtu akikuambia wardeni wetu hawasomi, mwambie hata wa kule hawasomi. Kumuuliza jirani sio ujinga. Jirani anakujibu saa hiyo hiyo, kwa lugha yako, na unajua kama ni mwongo. Makala haina sifa hata moja kati ya hizo. Kutokana na hilo Sutherland na wenzake walianza kukusanya ushahidi na kuuandika kwa muhtasari mfupi, ukurasa kwa ukurasa: jambo fulani lilijaribiwa wapi, likafanya kazi au halikufanya. Yaani kwa urahisi, kumtengenezea wardeni jirani mwenye kumbukumbu ndefu.

Gharama ya kutoambiana

Huko kwetu tunajua gharama yake, kwa sababu ilitangazwa kwenye habari za saa moja. Julai 2018, vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Wote 11 walikufa. Maji ya visima walivyokuta kule yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyozoea. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na kadiri kiu ilivyozidi ndivyo walivyokunywa. Wa mwisho alishambuliwa na simba akiwa tayari amedhoofika.

Uchunguzi uliofuata ulitaja mfadhaiko wa safari pamoja na chumvi. Lakini ulitaja pia jambo ambalo halihitaji maabara: maafisa waliohusika na wanyama wale baada ya kuachiliwa hawakuwa wakiwasiliana wala kushirikiana ipasavyo. Fikiria hapo. Kupima chumvi ya maji ni kazi ya siku moja. Kujua kifaru ananyong'onyea ni kazi ya mtu anayemwangalia kila asubuhi. Maarifa yote mawili yalikuwa ndani ya uwezo wa watu wa nyumba moja. Kilichokosekana ni sentensi moja kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, ikifika mapema.

Ruma pia ilipokea vifaru weusi, kutoka Mugie kule Laikipia. Na korongo 15 ni hesabu isiyovumilia makosa. Ukiwa na wanyama 200 unaweza kukosea, ukajifunza, ukaendelea. Ukiwa na 15, na katikati yao mna wazee na ndama, kosa moja la kuhamisha au kuchoma nyasi siku isiyofaa linaweza kumaliza nusu ya majike. Kuna eneo lililozungushiwa ua ndani ya mbuga kwa ajili yao, ili wazaliane mbali na waya na fisi. Naliunga mkono. Lakini ua huo nao una maswali: nyasi zinatosha? Kupe wanaongezeka wanyama wakikaa pamoja? Damu itakuwa ya ukoo mmoja baada ya vizazi vingapi? Kila swali hapo lina mtu anayelijua nusu akiwa Naivasha, na mwingine anayelijua nusu nyingine akiwa langoni Lambwe.

Mbung'o walitufundisha

Nisikuache na huzuni tupu, maana bonde hilo hilo la Lambwe lina stori ya ushindi. Ni ushindi wa kufikishiana habari.

Kwa miaka mingi Lambwe ilijulikana kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Watu wa rika la nyanya zetu wanakumbuka. Mbung'o hao hao, kwa njia ya ajabu, ndio walioilinda ardhi ile isilimwe yote. Palipo na mbung'o ng'ombe hawakai, na ng'ombe wasipokaa watu nao huhama. Mbuga ikapata nafasi: ilianza kama pori la akiba 1966, ikawa hifadhi ya taifa 1983. Kwa hiyo wardeni alikuwa na mdudu ambaye ni mlinzi wake na wakati huo huo ni adui wa majirani zake. Jaribu kufanya uamuzi hapo.

Kilichosaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba watafiti hawakuwa mbali. Kituo cha icipe kiko Mbita, kando ya ziwa, jirani kabisa. Mtafiti akigundua kwamba mbung'o huvutwa na kitambaa cha rangi ya buluu na nyeusi, mtego wa kitambaa unashonwa, unawekwa ukingoni mwa mbuga, na wiki ijayo mtu anarudi kuhesabu walionaswa. (Ukienda Ruma usivae jinzi ya buluu. Nimekuonya.) Akigundua kwamba mbung'o hawapendi harufu ya kuro, yule swala wa majini, anaanza kufikiria jinsi ya kumvisha ng'ombe harufu ile. Maafisa wa mifugo, watu wa afya, KWS, baraza la kitaifa la kupambana na mbung'o, wenye ng'ombe wenyewe: wote walikuwa na sababu ya kukutana, kwa sababu mtego ukiibiwa kitambaa (na viliibiwa, kitambaa ni kitambaa) lazima mtu aambiwe.

Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa na kugunduliwa hapa hapa Kenya alipatikana 2009. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Kenya imeumaliza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Sikuona watu wakipiga honi Kondele siku hiyo, lakini ilistahili.

Mama na panga

Nilisema tunaanzia Katito, sasa nirudi huko, kwa sababu kuna jambo langu ambalo sijakueleza.

Kabla sijaacha chuo (ndiyo, niliacha, hiyo ni stori ya siku nyingine) niliwahi kupata kibarua cha kukusanya data. Tulikuwa vijana kadhaa, tunalipwa kwa fomu, tunashukia Katito asubuhi, tunatawanyika kwa boda. Mimi nilipangiwa upande wa Kusa, kwenye mafunjo. Kwa Kijaluo mafunjo ni togo, na kwa watu wa pale togo ni mikeka, ni vikapu, ni dari, ni karo ya shule. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Unakata mara ngapi kwa wiki? Unauza wapi? Umeona mabadiliko gani miaka kumi iliyopita?

Mama mmoja alinijibu yote. Alisimama kwenye jua na panga mkononi, miguu ina tope hadi magotini. Akanieleza ni upande gani mafunjo huota haraka baada ya kukatwa na ni upande gani hayarudi tena. Akanionyesha ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, akasema huyo ukimsikia ujue mafunjo bado ni mazito, ukimkosa ujue yamekwisha. Hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Niliandika pembeni, sijui kama kuna mtu alilisoma. Nilipomaliza akaniuliza, "Nyathina, majibu mtatuletea lini?" Nikamwambia hivi karibuni, mama. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka kuwahi fomu nyingine kabla mvua haijanyesha. Mradi uliisha, tukalipwa nusu, ofisi ikahama. Majibu hayakwenda popote.

Miaka ikapita. Nikiwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye simu, nikakutana na makala ya Alfred Owino na Peter Ryan, ya 2007. Walikuwa wamepima mafunjo ya maeneo matatu ya upande wetu wa ziwa kati ya 1969 na 2000. Dunga ilipoteza nusu ya mafunjo yake. Koguta asilimia 47. Kusa asilimia 34. Na ndege yule wa utosi wa njano yumo kwenye stori hiyo ya mafunjo, pamoja na ndege wengine ambao nje ya mafunjo hawana kwao.

Nilikaa na simu mkononi nikijisikia vibaya. Makala ilikuwepo tayari siku ile niliposimama mbele ya mama na fomu zangu. Ningeweza kumwambia hizo namba siku hiyo hiyo, na yeye angeniambia kwa nini Kusa ilipoteza kidogo kuliko Dunga, au angenicheka. Kati yetu wawili, mimi mwenye bando na yeye mwenye panga, tulikuwa na jibu zima, na tukaachana kila mtu na nusu yake.

Na ona tofauti ya Ruma na Kusa. Ruma ina lango, ina wardeni, ina mtu wa kumpigia simu. Mafunjo ya Kusa hayana lango. Msimamizi wa pale ni nani? Ni huyo mama, na jirani yake, na yule jamaa anayetaka kulima mboga ziwa likirudi nyuma. Wao ndio wanaofanya uamuzi kila asubuhi: leo nikate hapa au pale, nikate chini kabisa au niache shina, nichome au nisichome. Ikiwa tunasema maarifa yafike kwa msimamizi, basi huyo ndiye, na hatasoma Kiingereza cha jarida. Atasikia redio ya Kijaluo akipika. Atasikia kwenye mkutano wa kikundi cha ufukweni. Atamsikia mjukuu wake, ambaye huenda ni wewe, umelala kwenye kochi Nyalenda ukisoma hii.

Mwezi uliopita nilirudi. Matatu kutoka Kisumu, nikashuka Katito, nikanywa chai kwa sababu gari la Kendu lilikuwa bado halijajaa. Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili. Niliandika namba za yale maeneo matatu kwa Kijaluo, nikamwomba shangazi anisahihishie, maana Kijaluo changu cha kuandika ni aibu. Nikachora na ramani, mbaya mbaya.

Nilimpata. Ziwa lilipopanda 2020 lilimfukuza kwake, akajenga juu zaidi, lakini bado anakata togo. Hakunikumbuka mpaka nilipomtajia fomu ya kurasa kumi na moja. Hapo akacheka sana. Akachukua karatasi, akamwita binti yake asome kwa sauti. Binti akasoma. Dunga nusu. Koguta karibu nusu. Kusa sehemu moja kati ya tatu.

Mama alinyamaza kidogo, akaangalia upande wa ziwa.

"Hiyo ni mpaka 2000," akasema. "Na baada ya hapo?"

Nikamwambia hiyo sina.

"Basi kaa chini," akasema, "nikuambie tangu 2000."

Nilitoa kalamu.